Moto Uliotoka Bondeni

Ukitaka kumchokoza Mzee Bonifas, mwambie kwamba moto ni moto tu. Utakaa hapo mpaka chai yako ipoe. Atakueleza habari za moto wa nyasi na moto wa mizizi, unaopanda mlima na unaoshuka, wa saa moja asubuhi ambao bado unabembelezeka na wa saa nane mchana ambao hausikii la mtu. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye gangi ya reli pale Kilosa, na kila mwezi wa sita gangi yao ilichoma nyasi za kando ya njia ili cheche za treni zisije zikaunguza nchi. Baba yake alikuja Kilosa kufuata kibarua cha mkonge akaishia relini, na yeye akaanzia hapohapo. Alipostaafu alijenga Masanze, chini kidogo ya milima, na watu wa kitongoji wakamfanya bwana moto wao bila hata kumpigia kura. Hakuna aliyechoma shamba bila kumwita, naye alipenda kuitwa, tusimpunguzie.

Masharti yake yalijulikana na kila mtu. Shamba huchomwa mwezi wa sita, nyasi zikiwa bado na ubichi. Kwanza unafyeka njia ya moto, hatua kumi, si tisa. Unawajulisha majirani wa pande zote. Na ukiwa na kisiki shambani, hukimwagii maji ukaenda zako. Maji, alisema, yanapoza juu tu, huku chini moto unaendelea kula mizizi kimyakimya. Kisiki unakifukua, unakifukia kwa udongo, halafu unakilinda siku tatu. Vijana wa kitongoji walikuwa wakimwigiza sauti anavyosema "siku tatu" huku wamejishika kiuno.

Mwaka huo bwana moto alichelewa mwenyewe. Nyonga ilimlaza tangu mwezi wa tano, na alipopata nafuu ilikuwa tayari ni Septemba, milima imekauka kama ngozi ya ngoma na upepo unashuka kila mchana. Ditram, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa ameshatangaza kwamba asiwashe mtu moto shambani mpaka mvua zinyeshe. Tangazo la busara kabisa, ila Ditram huyo Bonifas ndiye aliyemfundisha kushika tawi la kuzimia moto, enzi hizo akiwa bado anavaa kaptula. Aende akamwombe ruhusa? Aanze kueleza habari za nyonga yake mbele ya mtoto wa juzi? Aliona haya, na haya ya mzee mwenye sifa ni ugonjwa usio na dawa zahanati.

Basi asubuhi moja, kabla upepo haujaamka, alikusanya mabua ya mahindi na vijiti vya mbaazi, akafanya marundo matatu, akayachoma peke yake. Hakumwambia mtu. Yaliungua vizuri, yakazimika vizuri. Rundo la mwisho lilikuwa karibu na kisiki cha mninga, na marundo yalipokwisha aliona kwenye kisiki uzi mwembamba wa moshi. Jembe lilikuwa palepale. Alilitazama, akaipapasa nyonga yake, akaona kufukua kisiki kile ni kazi ya kumrudisha kitandani wiki nzima. Akakimwagia ndoo ya maji, akasukumia udongo kidogo kwa mguu. Moshi ukakoma, naye akaenda kunywa uji.

Mchana ule akapigiwa simu kwamba Lupakisyo, mwenzake wa gangi tangu ujana, amefariki kule Ruhembe. Bonifas ndiye aliyekuwa amebaki mkubwa wa ile gangi, hakuwa na namna ya kukosa. Alimwacha mkewe Hildegarda nyumbani na kuku wake, akaondoka kesho yake. Alilala Ruhembe siku mbili, akamzika rafiki yake karibu na mashamba ya miwa, akasimulia msibani jinsi walivyokuwa wakipambana na moto zamani. Watu walimsikiliza sana. Habari za kisiki hazikumjia hata mara moja.

Zilimjia siku ya tatu, njiani. Walipoiacha Mikumi na kushika barabara ya Kilosa, bodaboda aliyempakia alipunguza mwendo. Ilikuwa saa saba mchana na magari yalikuwa yamewasha taa. Jua lilikuwa jekundu, unalikodolea macho na halikuumizi. Majivu yalikuwa yanadondoka polepole, yanakaa kwenye mikono.

"Mlimani kwenu kunawaka tangu jana, mzee," alisema dereva, amejifunga fulana puani. "Hukusikia?"

Bonifas alipangusa majivu mkononi. Alijua. Hakuhitaji kufika wala kuuliza, na mbele ya macho yake hakuona barabara tena, aliona kisiki.

Nyumba aliikuta imesimama. Hildegarda alikuwa mlangoni, kanga ameifunga puani, macho mekundu kama mtu aliyelia, na kweli alikuwa amelia. Nyuma ya jiko kulikuwa na ukanda wa ardhi uliolimwa upya, upana wa hatua kumi, na ng'ambo yake kila kitu kilikuwa cheusi mpaka kileleni.

"Usiniulize mimi," alisema Hildegarda. "Kamuulize Ngolo. Bila yeye ungekuta majivu, na mimi ndani yake."

Ngolo alikuwa jirani yao wa upande wa bondeni, Msukuma aliyehamia na mkewe Scolastica na ng'ombe wao miaka tisa iliyopita. Kati ya boma lake na shamba la Bonifas kulikuwa na eneo la majani marefu ambalo watu wa kitongoji waliliita pori la Msukuma, na walimcheka kwamba ana ng'ombe wenye njaa na bado anaacha majani yakae bure. Bonifas aliwahi kumuuliza. Ngolo akamweleza kwamba lile si pori, ni ngitili. Kwao mtu hufunga sehemu ya malisho tangu mvua zinapoanza, hakanyagi ng'ombe hata mmoja, mpaka Oktoba kunapokuwa hakuna kitu kingine cha kula. "Nyie mnaweka mahindi kwenye ghala, mzee," alisema. "Sisi ghala letu limesimama lenyewe." Bonifas alilipenda sana jibu lile. Lakini hakuwahi kulifikisha kwa mtu mwingine.

Sasa Hildegarda akamsimulia. Moto ulianza kuonekana kabla ya adhuhuri, upepo ukausukuma kuelekea nyumbani. Ngolo na Scolastica walikuja mbio na majembe na magunia yaliyoloweshwa. Walilima ule ukanda huku nywele za mikono zinaungua. Katikati ya kazi upepo ukageuka, moto ukashika ngitili.

"Nikamwambia, Ngolo, majani yako yanakwisha! Akasema, yataota, mama, nyumba haioti. Akaendelea kulima."

Bonifas aliomba maji ya kunywa. Aliyashika kikombeni muda mrefu bila kuyanywa.

Moto uliwaka mlimani siku tano na moshi ukakaa bondeni siku tisa, hauna pa kwenda. Nguo zilizoanikwa zilinuka. Nyani walishuka mpaka kwenye nyumba za watu wakakaa wamejikunyata, hawaibi hata hindi moja, na hilo liliwatisha watu kuliko moto. Zahanati ilijaa watoto wanaokohoa. Migomba ya Magreth ilikwisha, mizinga ya Beda ishirini na miwili ikaungua juu ya miti, na chemchemi ya mlimani ikawa inatoa maji yenye rangi ya chai. Hakufa mtu, Mungu mkubwa, lakini watu walikuwa na hasira na hasira inatafuta mahali pa kutua.

Haikutafuta mbali. Wafugaji huchoma nyasi ili zichipue mpya, nani asiyejua? Na bondeni mfugaji ni mmoja. Kwamba majani ya mfugaji huyo yameungua yote, watu walisema ndiyo hayohayo, kachoma pori lake moto ukamshinda.

Ditram hakuwa mtu wa kukurupuka. Alikuja kwa Bonifas na heshima zake zote, akamwamkia, akakaa. "Mzee, kabla hatujamshika mtu nataka uniambie wewe. Ufuate moto ulikotoka. Utakalosema ndilo tutakaloandika."

Bonifas akachukua fimbo yake akaenda. Aliufuata moto kama alivyofundishwa relini, akitazama mawe. Jiwe huungua zaidi upande ule moto ulikotokea. Jiwe hadi jiwe, akaanzia kwenye ngitili, akapita chini ya nyumba yake, akaingia shambani kwake. Hakuwa na sababu ya kufanya kazi yote ile maana jibu analo, lakini alikuwa na tumaini la kijinga kwamba mawe yatamwambia jambo jingine. Mawe hayakumwambia jambo jingine. Pale palipokuwa na kisiki palikuwa na shimo, na kutoka kwenye shimo mizizi ilikuwa imeungua chini kwa chini, ikaacha vijia vya majivu meupe, kimoja kikitokeza katikati ya nyasi za mpakani.

Alisimama hapo kitambo. Kisha bwana moto wa kitongoji, mzee wa miaka sitini na sita, mtu wa kusoma somo kanisani Jumapili, akatazama kulia, akatazama kushoto, akalifukia lile shimo kwa mguu. Nyonga iliuma kweli lakini hakuacha mpaka pakawa sawasawa na sehemu nyingine. Hapo mwanzo lilikuwa ni kosa tu, na kosa lina msamaha wake. Huko kulifukia ndiko kulikomla baadaye.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, watu wamejifunika pua. Ngolo alikaa mbele, mikono imefungwa matambara kwa sababu ya kuungua. Ditram akasimama, akaeleza, kisha akasema, "Mzee Bonifas, tuambie. Moto umetoka wapi?"

Bonifas akainuka. Alikuwa amejiandaa kusema kweli, au ndivyo alivyojiambia maisha yake yote yaliyobaki. Akawaona wale vijana aliowafundisha, wamemkazia macho, wanamwamini. 

"Umetoka bondeni," alisema.

Basi. Si uongo, shamba lake liko bondeni. Lakini na boma la Ngolo liko bondeni, na watu hawakungoja sentensi ya pili. Uwanja mzima ulilipuka kwa kelele. Beda alikuwa anapiga mayowe ya mizinga yake. Bonifas alibaki amesimama na ile sentensi ya pili kinywani, akaimeza, akakaa.

Ditram alinyamazisha watu, akamgeukia mtuhumiwa. "Ngolo, una la kusema?"

Ngolo alimtazama Bonifas, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni apite kwanza.  Bonifas akainamisha uso akawa anasafisha fimbo yake na hakukuwa na uchafu wowote.

"Nimesikia alivyosema mzee," alisema Ngolo. "Sina neno juu ya neno lake."

Akapewa siku saba aondoe mifugo yake.

Siku zile Bonifas alizihesabu moja moja. Kila asubuhi alipiga moyo konde kwamba leo nakwenda kusema, na kila asubuhi akapata sababu, leo moshi mzito, leo Ditram hayupo, leo nyonga. Hildegarda hakujua habari za kisiki. Yeye alijua jambo moja tu, na alilisema kila alipopakua ugali: "Yule aliyeniokoa anafukuzwa, na mume wangu ndiye mwenye sauti hapa. Utamsemea lini?"

"Nitamsemea."

"Lini?"

Siku ya sita alikwenda bomani kwa Ngolo. Alikuwa ameyapanga maneno yake kama mtu anayekwenda kuposa. Alikuta boma liko wazi, limenyamaza, alama za kwato zimeelekea barabarani. Scolastica alikuwa anafunga masufuria kwenye shuka.

"Shikamoo baba," alisema, akapiga goti kidogo kama kawaida yake.

"Marahaba, mwanangu. Ngolo yuko wapi?"

"Ameondoka na ng'ombe alfajiri. Kukaa hapa wangekufa, majani hakuna. Ameshika njia ya Tindiga, akitoka hapo ni kusini, hata sijui wapi. Mimi gari linanifuata mchana."

Bonifas aliishika nguzo ya boma. "Scolastica, nimekuja kusema jambo. Ule moto..."

"Tunajua, baba."

Alisema bila kuacha kufunga fundo lake. Bonifas hakuwa na pa kuweka macho.

"Siku ile tunalima nyuma ya jiko, Ngolo alishuka shambani kwako kuangalia moto umebaki wapi. Akakuta kisiki kinawaka. Akaniambia, mzee amesahau."

"Na mkutanoni? Kwa nini hakusema?"

Scolastica aliinua uso. Alikuwa mwanamke mpole, na hata sasa hakupandisha sauti. "Aseme nini, baba? Kwanza nani angemwamini? Halafu alisema, wewe ni mkubwa, akikutaja yeye atakuwa amekuvua nguo mbele ya watoto wako. Akasema mzee atasema mwenyewe, mpe siku. Amekungoja. Hata jana jioni ng'ombe walikuwa tayari, nikamwambia twende kabla jua halijazama, akasema ngoja kidogo."

Kuna kilio cha mzee kisicho na sauti, mabega tu ndiyo yanayotikisika. Scolastica alisogea pembeni akajifanya anatafuta kamba, ili asimwone.

Kutoka pale Bonifas hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Ditram, akamkuta na Beda wakiandika majina ya waliounguliwa na mali. Hakukaa. "Moto ule ni wangu," alisema. "Nilichoma mabua baada ya tangazo lako. Kisiki changu ndicho kilichowasha. Mwandikieni Ngolo arudi, na mimi mnifanye mtakavyo."

Wale wawili walitazamana. Kisha Ditram akatabasamu taratibu, tabasamu la mtu anayemsaidia babu yake kuvuka barabara.

"Mzee wangu, siku ya moto ulikuwa Ruhembe msibani. Kitongoji kizima kinajua."

"Uliwaka chini kwa chini! Siku mbili!"

"Kwenye kisiki? Wewe? Wewe uliyetutesa na visiki vyako, siku tatu, siku tatu?"

Akawaburuta mpaka shambani. Akalifukua lile shimo kwa mikono yake, majivu yakatoka, akayashika akawaonyesha. Beda akaguna. "Mlima mzima umeungua, mzee. Kila shamba lina kisiki chenye majivu. Hata mimi ninavyo vinne." Vile vijia vyeupe vya majivu, ambavyo hata mtoto angevisoma, upepo wa wiki nzima ulikuwa umevipeperusha, na kile kilichobaki alikuwa amekifukia mwenyewe. Alitafuta. Alipiga magoti akaparua ardhi. Alipoinua kichwa aliwaona wanamtazama kwa upendo, na hilo ndilo lililomvunja.

"Ana moyo huyu mzee," Beda alimwambia Ditram, akidhani hasikiki. "Kwa kuwa Msukuma alimwokolea mkewe, yuko radhi ajitwishe yeye."

Ditram akamshika mkono akamwinua, akampangusa majivu magotini. "Tumeuona wema wako, mzee. Hata Ngolo akisikia atafurahi. Ila kitongoji kimeshaamua, na kilichotuongoza ni neno lako mwenyewe."

Nyumbani alimweleza Hildegarda yote, kuanzia ndoo ya maji. Yeye alimwamini. Hakumtukana, hakumlaumu, alikaa muda mrefu akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Mwisho akachukua simu yake, akatafuta jina, akaibonyeza, akamkabidhi mumewe. Kisha akatoka nje na ungo wake.

Simu iliita sana. Ilipopokelewa zilisikika kengele za ng'ombe na upepo.

"Shikamoo mzee," alisema Ngolo.

Bonifas alishindwa hata kuitikia. Neno la marahaba huitikiwa na mtu mwenye ukubwa wake, na yeye aliona hana. Akasema tu, "Ngolo, nimewaambia. Leo nimewaambia kila kitu."

Kengele zililia kidogo. "Wamesemaje?"

"Hawakuniamini. Wanasema ni huruma yangu."

Bonifas akamsikia Ngolo akimrudisha ng'ombe njiani kwa mluzi. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ileile, ya adabu, haina hata chembe ya ubishi.

"Siku ile wangekuamini, mzee," alisema.